Viwango Vipya vya Amana ya Lifti

Mheshimiwa mweka hazina wa Kamati ya Wakazi, ambaye ni shemeji yangu lakini alichaguliwa kwa sifa zake. Mheshimiwa katibu, ambaye ametuma udhuru kwa mara ya kumi na nne mfululizo. Mheshimiwa mlinzi mkuu wa geti, pamoja na msaidizi wake kama tungekuwa naye. Waheshimiwa wenye fleti, waheshimiwa wapangaji wa wenye fleti, na waheshimiwa ndugu wa wapangaji mliokuja kusalimia mkapitiliza miezi sita. Mke wangu mpendwa, mwenyekiti wa mwenyekiti (kicheko). Na mwisho kwa itifaki, ila si kwa umuhimu, mimi mwenyewe, Mwenyekiti wenu wa muhula wa tatu, ambaye naona nisipojitaja hakuna atakayenitaja: hamjambo? (Wachache: "Hatujambo." Sauti kutoka dirisha la ghorofa ya tano: "Magoti ndiyo yana jambo!")

Ndugu wakazi, tumekusanyika hapa chini, mbele ya milango ya lifti yetu, chini ya hema, kwenye viti vya plastiki ambavyo naomba vibaki idadi ileile, ili kuzindua kwa mtazamo shirikishi, endelevu na wa kimkakati Viwango Vipya vya Ada na Amana za Kuhama na Kuhamia, Awamu ya Pili, ambavyo vimepitia michakato yote ya kisera na kimfumo, yaani mimi nilivipitia Jumamosi na shemeji akavipitia Jumapili, na wote wawili, bila kushauriana, tukaviona ni vizuri mno. (Makofi ya mtu mmoja. Ni shemeji.)

Sasa kuna maneno ya chini chini huko kwenye kamba za kuanikia nguo, eti ada zimezidi, eti mwenyekiti anakula. Niwaulize, nakula nini? Mambo yako wazi kabisa. Anayehamia atalipa ada ya kuhamia, kwa sababu anahamia. Anayehama atalipa ada ya kuhama, kwa sababu anatuachia pengo, na pengo ni gharama. Na wote wawili wataweka amana ya lifti, ambayo kuanzia leo imepanda mara mbili, na ambayo hurudishwa, narudia, hurudishwa (miguno), mara tu itakapothibitika kwamba kitanda, kabati au friji ya mhusika haikuikwaruza lifti.

Na matokeo mnayaona! Kwa mujibu wa takwimu nilizozikusanya mimi mwenyewe kwa kalamu yangu mwenyewe, katika miaka tisa ya uongozi wangu kaya sitini na tatu zimehama, na lifti imekwaruzwa mara ngapi? Sifuri. Watu waliokwama ndani? Sifuri. Umeme uliotumika? Sifuri nukta sifuri. Nendeni mkatembelee majengo ya jirani, muone watu wanavyokwama kwenye lifti zao mpaka wanatoka humo wamechumbiana! (Kicheko.) Sisi hapa, asilimia mia moja ya wakazi wameshuka salama, na wengine, kutokana na ngazi, wamepungua uzito, jambo ambalo kamati haijawatoza.

Najua mtasema, mwenyekiti, mbona kile kibao cha "Iko Matengenezoni" kina miaka tisa. Si kweli. Cha kwanza kilichakaa, cha pili kikaibwa, hiki ni cha tatu na ni kipya kabisa. Projekti kubwa haziendeshwi mbio mbio. Isitoshe, mimi naishi hapa chini, mlango unaofuata, kwa hiyo sina maslahi yoyote binafsi na lifti, na hiyo ndiyo inayonifanya niisimamie kwa moyo mweupe.

(Mama Cherehani, mshonaji wa ghorofa ya nne, anasimama. Vitu vyake vimeshapakiwa kwenye lori pale getini na dereva hajazima injini. "Mwenyekiti, samahani. Mimi nahama leo, unajua. Mwenye nyumba ninayohamia anataka amana yake kabla ya saa kumi, la sivyo anampa mtu mwingine. Sasa hivi ni saa nane. Nipe amana yangu ya lifti niende zangu, nyie endeleeni na sherehe.")

Mama Cherehani, hilo ni swali zuri sana na naomba tulipigie makofi. (Hakuna anayepiga.) Sasa tusome kifungu cha saba, maana hapa hatuendeshi mambo kwa hisia. Amana itarudishwa baada ya ukaguzi wa pamoja, ambapo mkazi na Mwenyekiti watapanda lifti kutoka ghorofa ya mkazi hadi chini huku wakizitazama kuta zake. Lifti ikiwa matengenezoni, ukaguzi haufanyiki. Ukaguzi usipofanyika, amana inabaki katika mikono salama. Hiyo si roho mbaya, mama yangu, hiyo ni proseja.

("Lakini mimi sijaipanda hiyo lifti hata siku moja! Kabati nimelishusha kwa ngazi na kaka yangu. Kaka, hebu waonyeshe bega!" Kaka yake anafungua vifungo vya shati. Wakazi wanasema "Aaa!" kwa huruma.)

Pole sana, bega. Lakini hapo ndipo mnapotuweka njia panda kama kamati! Mtu akishusha kabati lake kwa ngazi, sisi tutajuaje kwamba hakuikwaruza lifti? Ushahidi uko wapi? (Kicheko. Mama Cherehani hacheki.)

("Miaka sita, mwenyekiti. Miaka sita napandisha majora ya vitambaa kichwani, nabonyeza hicho kitufe, nasubiri kidogo, halafu napanda ngazi. Nikijiambia kesho wataitengeneza. Leo nina hasira. Nikikosa ile nyumba nitalala wapi na vitu vyote hivi?")

Mama, nakusikia, na fidbeki yako imepokelewa, itafanyiwa kazi katika Awamu ya Tatu. Kwa sasa naomba tusivunje ratiba. Wakazi, nikisema "Lifti", ninyi mtasema "Yetu!" Haya. Lifti! ("Iko wapi?") Nimesema "Yetu". Amana! ("Iko wapi?") Mwamko mkubwa, nimefurahi. Mwenyekiti! ("Toka!") Bila shaka mnamaanisha toka mbali, tulipotoka ni mbali kweli.

Nimalizie kwa shukrani, maana kiongozi asiyeshukuru hana adabu. Shemeji, hebu ile karatasi. Si hiyo, hiyo nyingine iliyo kwenye bahasha. (Mweka hazina anaishikilia bahasha kifuani. Anatikisa kichwa.) Lete bwana, acha aibu za kikwe. Ndugu zangu, mimi ni muumini wa uwazi. Shemeji ameandika humu wote waliolipwa na kamati tangu mwanzo, nami nitawashukuru mmoja mmoja, neno kwa neno, bila kuruka hata nukta.

Kwanza, namshukuru fundi mwashi, aliyelipwa kwa kupima na kutujulisha kwamba jengo hili halikuwahi kuachiwa shimo la lifti, kwenye ramani halimo, na nyuma ya mahali palipokusudiwa pana ukuta wa bafu la Mwenyekiti. Ahsante sana, fundi. Pili, namshukuru fundi wa kuchomelea, kwa milango miwili ya chuma kizito iliyofungwa juu ya ukuta huo kwa skrubu nane, pamoja na kitufe kimoja kisicho na waya. Kazi safi sana. Tatu, namshukuru aliyeipaka rangi ya fedha. Na nne, shukrani za pekee ziwaendee wakazi wote, waliohama na mliopo, ambao amana zenu ndizo zilizonunua milango, rangi, vibao vitatu, hema hili na maikrofoni hii ninayo...

(Mtu mmoja nyuma anaangusha kiti.)

Shemeji, nimesoma nini?

("Umesoma yote," anasema mweka hazina. "Sanduku ni tupu, shemeji. Nilikuambia wiki iliyopita.")

(Mama Cherehani amesogea mpaka mbele. Anapita chini ya kamba nyekundu ya uzinduzi iliyofungwa mbele ya lifti, anagonga mlango wa kushoto kwa kiganja. "Kwa hiyo amana yangu ni hii?")

Kwa lugha ya kitaalamu, mama, na kwa sehemu tu, tunaweza kusema kwamba thamani yake imehamia katika...

("Dereva! Una bisibisi?")

("Ninayo, mama! Na chuma kama hicho nampata mnunuzi njiani, saa kumi haijafika!" Injini inazimwa. Kaka mtu anakunja mikono ya shati. Skrubu ya kwanza inaanguka sakafuni, kisha ya pili, na wakazi wanazihesabu kwa sauti moja, "Tatu! Nne!" Kwenye ya nane mlango wa pili nao unachomoka, na nyuma yake panaonekana ukuta mkavu wa saruji wenye alama ya penseli ya fundi mwashi.)

Ndugu wakazi, naomba utulivu, naomba mkae! Mama Cherehani, kwa heshima zote, kitu chochote kinachotoka ndani ya jengo hili kinalipiwa ada ya kuhama, na kwa kuwa milango ni miwili basi ni ada mara mbili, kwa viwango vipya, kwa hiyo kabla hujavuka geti nakuomba upitie kwa mweka hazina akuandikie risiti. Mweka hazina! Shemeji! Jamani, mweka hazina yuko wapi?

(Mweka hazina ameshika upande wa pili wa mlango. "Inua kidogo kwako, mama," anasema. "Twende.")