Mwarobaini wa Saa ya Mkwe

Leo nimeumbuka. Tena mbele ya baba mkwe, na mdomo mpaka sasa mchungu.

Mzee amekuja Segese kutoka Shinyanga kuwaona wajukuu, Kulwa na Doto. Alikuwa hajafika kwangu tangu harusi. Siku ile alivua saa yake ya mkononi, aliyoivaa miaka yote alipokuwa kazini reli, akanivisha mbele ya watu. "Mkwe, hii usiiache ikalala."

Ikalala kesho yake. Nikasema hiyo betri, nitanunua. (Sikununua. Kwani simu haina saa?)

Leo mzee yuko sebuleni, michembe ya viazi vikavu na karanga mbele yake, majirani wamejaa kumsalimia. Akauliza kwa furaha, "Mkwe, saa yangu inasemaje?"

Moyo ukanilipuka paa. Akijua imekufa, atanivua. Nikashika tumbo: "Samahani baba, nakuja." Mbio chooni. Nikatoa simu, nikavuta kile kidude cha pembeni mwa saa, nikapanga mishale, nikarudi kifua mbele. "Saa tano na robo, baba." Akatabasamu. (Akili ninazo, jamani.)

Kumbe mzee ana hamu na saa yake. Haupiti muda anauliza tena. Kila akiuliza, mimi tumbo. Mwishowe akamgeukia mke wangu: "Mama Kulwa, mumeo anaharisha. Kachume mwarobaini."

Ukachemshwa. Dawa ya mkwe utaikataaje? Nikanywa kikombe kizima, majirani wakinipa pole. Akauliza saa. Nikaenda. Kikombe cha pili. Mke wangu, anayejua kila kitu, kaficha uso kwenye kanga.

Akauliza tena, nikaenda tena. Nafungua mlango wa choo nitoke, mzee huyo amesimama nje na kikombe cha tatu. Mimi mkono mmoja simu, mwingine saa, kidude kimevutwa nje.

"Lete hapa."

Akaiweka sikioni. Kimya. Akakirudisha kidude ndani, akakizungusha kwa vidole viwili, taratibu. Saa ikaanza kugonga.

"Baba Kulwa, uliitia ufunguo lini?"

"Ufunguo gani, baba? Mimi nilijua betri."

Kumbe ufunguo wenyewe ndio kidude hicho hicho nilichokishika tangu asubuhi! Majirani waliokuja kuchungulia wakaanguka kwa kicheko siwahesabu. Mimi nilikuwa natazama mkono wangu mtupu, roho inaniuma kweli. Lakini mzee naye akacheka hadi machozi, akanivisha tena mwenyewe. "Kila asubuhi kabla ya chai, zungusha mpaka ikaze. Usiilazimishe."

"Wabeja, asante sana baba," nikasema, na nilimaanisha. "Basi dawa tuimwage, siumwi."

"Imwagwe kwa nini? Nimeshaipoza. Kunywa."

Nikanywa. Sasa saa inatembea, nami nimekaa naisikiliza kama mtoto. Anayetaka kucheka acheke, ila ajue mzee yupo hadi Jumapili na majani yamebaki mengi.