Bundi Niliyemtunzia Kamande

Jumapili, 12 Aprili

Msiba. Baada ya ibada Mchungaji Kalume katangaza kuwa kalenda ya kanisa ya mwaka ujao itakuwa ya ndege na miti ya majira haya, majani yanapogeuka rangi na kupukutika. Watu wataituma nyumbani: Nyeri, Uvira, Bukavu, kila ukuta wenye msumari. Picha zote za mtu mmoja. Kalenda ya wapiga picha wawili, kasema, ni chungu cha wapishi wawili. Na atakayeshinda ndiye atakuwa mpiga picha wa kanisa.

Atakayeshinda! Mpiga picha wa kanisa ni mimi. Nimepiga kila ubatizo, kila harusi, kila jeneza, tangu tulipokuwa tukiabudu kwenye gereji ya mtu hapa ugenini, Blacktown. Kazini mimi ni mzee wa kufunga maboksi kwa utepe, hakuna anayejua jina langu vizuri. Jumapili nikiinua kamera, watu wazima huvuta matumbo ndani. Heshima yangu yote iko hapo. Sina nyingine niliyoiweka akiba.

Chanzo cha haya: Kamande. Nesi. Kijana. Kaja juzi tu kutoka Nairobi na lenzi ndefu kama chupa ya chai. Akipiga picha hupiga magoti. Akina mama wanadhani anasali.

Waamuzi ni Akina Mama wa Neema, chini ya Mama Spéciose. Akisema ndiyo, hata Mchungaji hugeuka amina.

Jumatano, 15 Aprili

Mazoezi. Nimeanzia karibu, kwenye mapipa ya taka ya stesheni. Kwarara weupe wanne, miguu mirefu, midomo kama mundu. Mmoja kaingiza kichwa kizima ndani ya boksi la chipsi. Mwanga mzuri ajabu.

Nimemwonyesha Wangari, mke wangu. Kauliza kama kweli nataka mama yake aamke Januari nzima akitazamana na ndege wa jalala. Nikamwambia hiyo ni sanaa. Kasema hata Nairobi wako korongo wa namna hiyo, wamejaa juu ya miti wakinyea magari, na hajasikia kalenda yao. Kisha kaniambia nibadilishe soksi. Sioni uhusiano.

Jumamosi, 18 Aprili

Safari ya kanisa kwenda milimani, Blue Mountains. Picha nzuri huzaliwa alfajiri, kila mtu anajua. Nikawaomba wote tuondoke kungali giza. Wote wakasema amina.

Alfajiri pilau ilikuwa haijakauka. Ilipokauka, tukaomba kwa ajili ya safari. Kisha tukaliombea gari la Mchungaji, ambalo lilikuwa limewasha taa nyekundu isiyojulikana. Kisha chai, kwa kuwa maombi yalikuwa marefu. Tumefika jua liko utosini, na kila mtu amekanyaga kivuli chake.

Kamande alikuwa anatoka msituni, viatu vimelowa umande, anatabasamu. Alitangulia peke yake gizani. Bila kuombewa! Nimemgusia Mchungaji jambo hilo, kwa masikitiko. Mchungaji kasema Bwana huwasikia hata walio kwenye usukani.

Miti, lazima nikiri. Njia nzima imeezekwa majani mekundu na ya manjano, na mengine yanashuka polepole kama yana ruhusa ya kuchelewa. Watu wakasimama wakitazama juu. Nikainua kamera. Hapo hapo wakakumbuka kwamba na wao wana sura. Baba Njeri, tupige tukirusha majani! Baba Njeri, rudia, nilifumba macho! Baba Njeri, mbona umenikata miguu na viatu ni vipya? Mchana mzima nimepiga watu. Kamande akapiga ndege.

Mwishowe nikapata upenyo. Kukabura, juu ya ua wa mbao. Ni ndege mnene wa ukoo wa mdiria, mdomo kama koleo, anacheka kama mlevi aliyepotea njia akaingia matangani. Nikanyemelea. Mkono wa kulia kamera, wa kushoto paja la kuku. Kanitazama. Nikamtazama. Nikashusha pumzi, kama inavyotakiwa.

Paja halipo! Ndege yuko juu ya tawi, paja mdomoni, ndugu zake wote wanacheka. Na Kamande nyuma yangu, magoti chini, kapata kila kitu: ndege, paja, na mkono wangu mtupu ukiwa hewani kama wa mtu anayeaga meli.

Akina mama wameiangalia picha hiyo njia nzima ya kurudi. Mama Spéciose kacheka mpaka akafuta macho kwa kitenge.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimepata njia! Imenijia nikifunga boksi.

Mwaka jana mtoto mmoja alikuja kanisani na begi lenye picha ya bundi. Akina mama wakaliondoa begi mpaka kwenye maegesho, wakalifunika kanga. Kongo au Kenya, hapo hatutofautiani. Bundi akilia juu ya paa, kuna mtu atazikwa. Bibi yangu alikuwa akimrushia kijinga cha moto.

Sasa: Kamande ni mtu wa sayansi. Huwacheka wanaoogopa paka. Akipata bundi mzuri, hataweza kujizuia, atamweka kwenye kalenda. Akina mama wakimwona, Kamande kwisha. Na mimi sitakuwa nimesema neno baya juu ya mtu yeyote.

Kuna mzungu kazini, dereva wa forklift ya kunyanyulia mizigo, mpenda ndege. Nikamuuliza kwa upole. Kasema liko bonde upande wa Campbelltown ambako bundi mkubwa kuliko wote wa nchi hii hulala mchana kwenye mti uleule. Kanichorea ramani kwenye kipande cha boksi.

Nikampigia Kamande. Nikamwambia mimi nimezeeka, mabonde hayanifai, nataka nimwachie yeye bundi huyu. Kasema, "Aki mzee, hakuna mtu amenionyesha roho safi hivi tangu nije huku." Nilichomwa kidogo kifuani. Nikanywa chai, ikapita.

Jumamosi, 25 Aprili

Siku ya kuwakumbuka askari, kazi zimefungwa. Nimempeleka Kamande bondeni. Mimi siamini mambo ya bundi. Nimebaki garini, vioo juu, nikasoma Zaburi ya tisini na moja. Kwa kuwa nilikuwa nayo.

Kamande kakaa mno. Nikaanza kufikiria nitamwambia nini mama yake. Nikatoka, nikashuka.

Nilimkuta kapiga magoti kwenye majani makavu. Kanong'ona kwamba bundi amefumba macho tangu afike, na yeye amepata picha za usingizi tu, lakini ameridhika. Kisha akaenda kukojoa.

Nikainua kichwa. Alikuwa kwenye tawi la chini, mkubwa kama mtoto wa kubebwa mgongoni, kifua cha mistari, chini ya makucha nusu ya mnyama aliyemwinda. Akafumbua macho. Manjano. Hakunitazama kama wanavyonitazama kazini. Alinitazama kama mtu anayenifahamu. Jua likapita kati ya majani, likamshika upande mmoja. Mikono yangu ikafanya kazi yenyewe, mara moja tu. Akafumba.

Nimeiangalia nyumbani. Sijawahi kupiga picha kama hii. Hata ile ya harusi ya Lydie wa kanisani, ambayo walikuza ikajaa sebule, haiisogelei. Wangari kaiona. Hakusema kitu kuhusu soksi. Kasema, "Baba Njeri, hii umepiga wewe?" Kisha kaniambia niifute kabla haijaleta neno nyumbani.

Sitaifuta. Sitamwonyesha mtu pia.

Ijumaa, 1 Mei

Nimechagua picha zangu. Kasuku wa waridi kwenye uwanja wa mpira. Bata. Bata wengine. Mti mwekundu, nusu yake kiwiko cha Mchungaji. Nimemweka bundi kati yao kwa dakika moja tu, nione wanavyofanana naye. Wote wamekuwa stempu. Wangari kaita chakula. Nikanakili kwenye flashi, nikaenda kula ugali.

Jumapili, 3 Mei

Sijui niandikeje. Nitaandika kwa mfuatano.

Ukumbi umejaa. Verdiane, dada wa mitambo, kwenye projekta. Kamande kaanza. Kukabura na paja: kicheko mpaka viti vikasogea. Miti yake: aaah. Nikamsubiri bundi. Nikasubiri. Picha zikaisha. Bundi hakuna! Kaketi karibu yangu, kaninong'oneza kwamba alimwacha makusudi. Alimpigia mama yake Nyeri, na mama kamwambia mtu hamwonyeshi bundi mama wa mwenzake. Samahani mzee, na ulijisumbua sana.

Mtu wa sayansi! Anamsikiliza mama yake!

Zikaja zangu. Kasuku, kimya. Bata, kimya. Bata wengine, mtu kakohoa. Kisha ukuta mzima ukawa macho mawili ya manjano.

Sijawahi kusikia mayowe kama yale nje ya uwanja wa mpira. Ushindwe! Toka kwa jina la Yesu! Nani kaleta huyo? Mama mmoja kajifunika kitenge pamoja na mtoto wa jirani. Vichwa vyote vikanigeukia.

Nikasimama. Nikasikia sauti yangu, kubwa na ya wazi, ikisema hiyo si yangu, hiyo ni ya Kamande, Verdiane kachanganya. Verdiane kasimama naye. "Mimi? Mimi nichanganye? Mzee Njenga, tuheshimiane!" Mchungaji kaamuru izimwe.

"Musizime."

Mama Spéciose. Alikuwa hajapiga kelele. Kasogea mbele mpaka mwanga wa projekta ukamwangukia usoni. Kaitazama muda mrefu, ukumbi ukatulia wenyewe.

Kasema, "Wakati tulikimbia vita, tulilala porini na batoto. Bundi akilia juu yetu, tulijua hakuna mutu anapita chini. Akinyamaza, tunafunika batoto mudomo. Munasema bundi analeta kifo. Sisi alitulinda. Huyu ananiangalia sawa na yule." Kisha kasema kwamba tangu afike nchi hii hajawahi kuonyeshwa kitu cha hapa kinachomjua yeye. Anamtaka juu ya kalenda, mbele. Anamtaka na ukutani kwake Merrylands, pale anapoamkia.

Kageuka. "Nani alipiga hii picha?"

Kanisa zima kwa sauti moja: Kamande!

Nilifungua mdomo. Ungesema nini? Kwamba nimedanganya hapo hapo, nyumba ya Bwana, maneno hayajapoa? Nikaufunga.

Kamande kasimama, kawa mwekundu kadiri sisi tunavyoweza. Kasema, "Mama, hapana, si yangu. Ni ya Mzee Njenga. Yangu niliacha nyumbani." Mama Spéciose kamshika mashavu. "Muone adabu ya huyu mutoto! Hata sifa yake anapatia mukubwa." Makofi. Vigelegele. Kamande ni mpiga picha wa kanisa.

Tulipofika nyumbani Wangari kaniuliza kama nimeridhika. Nimemjibu kwamba kosa langu ni haraka. Ningengoja kwanza Mama Spéciose amalize kusema, ndipo nijue picha ni ya nani.

Jumanne, 5 Mei

Kamande kaja na maandazi. Hakula. Kasema hajalala vizuri, kwamba kila akipita watu wanampongeza na anajiona mwizi. Jumapili anataka kusimama mbele aseme ukweli. Kila picha, kasema, hubeba ndani yake jina la kamera iliyoipiga. Nilete kadi yangu ya kamera, Verdiane aifungue, Mama Spéciose aone kwa macho yake. Kalenda irudi kwangu. Kazi irudi kwangu. Yeye ataniombea msamaha kwa lile neno, atasema nilishtuka. "Hata mimi ningeruka, mzee. Mayowe yale!"

Wangari machozi yalimlenga. Kasema Mungu katuletea mwana.

Nimekaa nalifikiria. Hakuna mtu mwema hivi. Anaachia kalenda? Bure? Nimelipindua pande zote mpaka nikaona mshono wake. Nikishasimama pale, mmoja wa akina mama atauliza: basi kwa nini ulisema ni ya Kamande? Nitakuwa mimi mwongo, na yeye kando yangu, magoti chini, mtakatifu. Ni mtego! Na amenichimbia huku anapakua maandazi.

Alhamisi, 7 Mei

Nimemuwahi.

Nimeanza na kadi. Kisha kompyuta. Kisha flashi. Mashine ikauliza kila mara kama nina hakika. Nikaijibu. Kabla ya ile ya mwisho nilimtazama kidogo, naye akanitazama. Nikabonyeza haraka.

Hakuna ushahidi tena. Sasa kalenda itatoka na bundi wa Kamande, yule aliyelala. Mama Spéciose atamtundika huyo. Macho yake hayaoni vizuri sana, Wangari anasema hivyo. Nadhani anasema hivyo.

Nimempigia Kamande, nimemwambia kadi iliingia kwenye mashine ya kufulia, ndani ya shati. Nilitegemea akasirike, nimshike. Kasema, "Pole sana, mzee wangu," kwa ile sauti wanayotumia hospitalini mlango ukiwa umefungwa. Kisha kasema yasiwe mwisho. Bundi analala mti uleule. Jumamosi twende wote, atanipa lenzi yake ndefu niishike mimi, yeye atabaki garini asije akamwamsha vibaya. Nikimpata tena akiwa macho, tutampelekea Mama pamoja.

Lenzi yake! Anipe mimi! Kwa hiyo ndipo alipofika.

Nimekubali, kwa sauti ya shukrani. Tumeahidiana alfajiri. Njia naijua mimi, yeye alisinzia tulipokwenda, na nimeshachagua bonde lisilo na bundi.