Wachina, Wahome na Redio ya Mamamkwe

Jumanne, 9 Machi 1993

…basi Wahome, fundi mwenzangu wa redio, akakataa. Jana biro iliisha hapo hapo, leo nimepata ingine. Akakataa kabisa! Ile chuma yake ya kuchomea waya za redio, Kathonzweni nzima iko moja tu, na iko kwa duka yake. Ati nikiazima ninamwibia wateja. Mimi! Wateja wananifuata wenyewe, wanapenda stori.

Na redio iliyo hapa mezani si ya mteja. Ni ya mamamkwe. Imenyamaza. Jumapili anakuja kuichukua, asikize matangazo ya vifo kwa Kikamba. Ikikosa kusema, atarudia ile yake ya tangu harusi, kwamba Ndinda aliolewa na mdomo. Na siwezi kujitetea. Kwa mila yetu mimi na yeye hatuangaliani uso, Ndinda ndiye anabeba maneno.

Ndinda anasema pengine ni mawe tu zimeisha, zile betri. Mawe! Fundi anafundishwa na bibi? Tena mawe za redio anauza nani? Wahome. Sinunui.

Jioni nikaenda kwa hoteli ya Bulle, yule wa biashara ya mbuzi. Redio yake inashika mpaka Uchina, na Mchina anayetangaza anaongea Kiswahili kizuri kuliko chifu wetu. Akasema ile akili ya redio, kile kidude cheusi kiko na miguu kama jongoo, wanataka kutengeneza wenyewe. Shida ni mashini za kuitengeneza, na hata vifaa za kuichora. Wenye nazo huko ng'ambo wanawauzia za zamani, nzuri wanaficha. Sasa Mchina ameamua mashini pia atajiundia.

Nikamwaga chai. Anayeficha ni Wahome! Mchina ni mimi!

Jumatano, 10 Machi

Nimeanza. Chuma ya kuchomea si kitu. Unachukua msumari kubwa, unapiga ncha ikae bapa. Kupiga inataka nyundo. Kuazima nyundo ni kurudi kule kwa Wahome, kwa hivyo naunda nyundo. Nyundo inataka mpini. Mpini inataka shoka. Shoka ninayo, iko nyuma ya choo, kali sana. Ndinda akanikumbusha hiyo ni ya Wahome, niliazima mwaka juzi. Nikamwambia asiniletee mambo ya zamani.

Alhamisi, 11 Machi

Moto ya jiko haitoshi! Msumari inakataa kuwa nyekundu. Inataka mvukuto ya kupuliza. Mvukuto inataka ngozi. Bulle ako na ngozi tele, lakini ni za Bulle. Mchina angeomba?

Nimechinja mbuzi yetu. Ndiyo, ilikuwa moja tu. Watoto wameanza kupenda Uchina sana. Ndinda amekula nyama yake bila kuniongelesha.

Jumapili, 14 Machi

Ngai! Nianzie wapi?

Asubuhi kila kitu ilikuwa tayari. Mvukuto inanuka lakini inapuliza. Msumari nyekundu kama macho ya mlevi. Nikafungua redio nitafute kosa. Sikuona kosa. Basi nikaamua kuchoma kila mguu ya kile kidude cheusi, ile mbovu haiwezi kunikwepa. Kikalia tsss. Kikavimba, kikapasuka. Plastiki ikashika moto, na mvukuto ikazidi kupuliza kwa sababu nilikuwa nimeikalia. Nikatoka mbio, moshi nyuma yangu, na mlangoni uso kwa uso na mamamkwe!

Pua kidogo zigusane. Yeye akajifunika leso, mimi nikaruka nyuma ya ghala. Halafu akaanza kuongea na kuku, kwa sababu mimi hawezi kuniambia.

“Wewe kuku,” akasema, “ambia mwenye hii boma nilituma redio iwekwe mawe. Mawe peke yake! Na sikiza vizuri, kuku. Huyo mtu amenitazama macho. Inatakiwa mbuzi ya kuondoa hiyo aibu. Mbuzi iko wapi?”

Kuku ikaendelea kudonoa. Ndinda akanyoosha kidole, akamwonyesha mvukuto.

Nikasikia mamamkwe anacheka ndani ya leso. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 15 Machi

Nimeenda kwa Wahome, nimejikaza. Akaangalia redio mpaka akatafuta kiti. Ati hicho kidude ni cha Japani, na hata Nairobi hakiko. Akauliza nani alikichoma. Nikasema ni stima ya radi. Akauliza radi ilipigaje redio ya mawe. Huyo mtu ana maswali mingi!

Lakini nimeona kosa yangu. Nilijitegemea nusu. Nyundo yangu, ngozi yangu, halafu kidude cha Mjapani! Na leo kwa Bulle, Mchina amesema tena: hicho kidude kinaanza kama mchanga. Mchanga! Nani ako na mchanga kutushinda? Mito yetu yote ni mchanga, kile hakuna ni maji!

Nimeleta karai mbili, nachekecha. Mchanga kuyeyuka inataka moto kubwa, na hii mvukuto ya mbuzi ni ndogo. Mamamkwe ako na ng'ombe, ile nyeusi, imezeeka hata. Nitamtuma Ndinda aulize pole pole kama ngozi ya hiyo ng'ombe…

Biro inafifia tena, na Ndinda ananiita. Sauti ile! Ati nilete chekecheke yake ya unga sasa hivi, Wahome yuko kwa gate anataka shoka, na mamamkwe amerudi, amesimama kwa njia anaongea na ku