Nimewatetea Tumbili Mbele ya Mama

Leo nimejianika mbele ya watu wote wa kwetu Kanyakine. Naandika hii nusu aibu, nusu furaha.

Mnajua vile tumbili wamemaliza ndizi za mama. Mpaka sasa, ndovu akikula shamba unaweza kudai fidia. Tumbili akikula, unaambiwa pole. Basi leo maafisa wa wanyamapori wamekuja ukumbi wa kanisa kuchukua maoni ya wananchi kuhusu kanuni mpya, na mama akanituma nimsemee. (Naongoza kwaya. Sauti ninayo.)

Nilichelewa kwa sababu nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba mbele ya ng'ombe wetu. Alionekana kuguswa.

Nikaingia nikapata afisa mmoja, mwanamke mpole wa miwani, anamalizia kueleza. Sikuuliza alikuwa anaeleza nini. Huku kwetu kikao cha maoni ni cha kupinga. Nani ataacha shamba lake aje kukubali? Nikachukua maikrofoni.

"Hizi kanuni tunazikataa!"

Nikainua mikono vile huwa nainulia kwaya, na wanakwaya wangu wakaitika bila kufikiri: "Tunazikataa!" Moyo ukanipanda. Nikamwambia afisa afunge karatasi zake arudi nazo Nairobi.

Akaandika, halafu akaniuliza polepole, "Kwa hivyo tutoe kile kifungu cha tumbili? Tulipendekeza watu walipwe tumbili wakiharibu mimea yao. Lakini wananchi wakikataa, tutakitoa."

Nilitafuta pa kujificha. Mama akasimama hapo mbele, akarekebisha kitambaa cha kichwa.

"Mutwiri, nilikutuma uniombee fidia ama uwaombee tumbili ndizi?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Hata mchungaji nilimwona amejifunika uso na Biblia.

Nikaomba maikrofoni tena. "Madam, ile ya kwanza ilikuwa mazoezi. Hiyo ya tumbili tunaikubali." Nikainua mikono. Kwaya ikaniangalia tu. Mpaka mama alipoinua mkono wake ndio watu wote wakainua.

Afisa akafuta, akaandika upya. Akasema maoni yetu yamesikika, kifungu kinabaki, na atapendekeza ndizi zitajwe kwa jina. Ndizi za mama, jamani! Nimetoka hapo nikitaka kuruka.

Ila mama ameshasema kikao kingine atamtuma ng'ombe. Yeye angalau husikiliza kwanza.