Kuhusu Visu Saba Vilivyovunja Kikao cha Posa ya Larissa

Kabondo, Kisangani, Jumatano asubuhi

Kwa Papa René, baba mzazi wa Noël,
ng'ambo ya mto, Lubunga

Ndugu mkwe,

Natanguliza heshima zote, na nyingine za akiba, kwa sababu sijui kama tangu Jumapili bado nina ruhusa ya kukuita mkwe. Naandika kwa kalamu kwa kuwa simu yako siku hizi inalia mara nne kisha inanyamaza. Nimeijaribu mara tisa. Nne, kila safari.

Ili pasiwe na mtu wa kusema sikueleza, naanza na yaliyotokea. Jumapili mlivuka mto watu sita na mbuzi mmoja, mkaja kumposa binti yangu Larissa kwa ajili ya Noël wenu. Mlikula kwanza, maana mto unatia njaa. Kisha msemaji wenu, tonton Évariste, akasimama na kuuliza lile swali ambalo familia zetu huuliza kabla ya neno lolote la posa: "Sisi mikono yetu ni mitupu, tumeleta maneno tu. Ninyi je?" Jibu lake linajulikana hata na mtoto wa miaka mitano: "Na sisi ni mitupu." Bon. Mimi nikajibu: "Mikono ni mitupu. Mifukoni kuna visu saba vya kukunja."

Mkasimama. Mbuzi naye akasimama. Mkarudi kwenu, na jioni ujumbe ukafika: Jumamosi mtavuka mara ya mwisho, na kama mifuko yangu haitakuwa mitupu, hakuna ndoa. Na Jumatatu Noël anapanda boti kwenda kazini Yangambi, miaka miwili, akiwa na mke au bila mke.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Niliulizwa, nikajibu. Nilianza maisha na toleka moja, baiskeli ya kubebea abiria ambayo hata haikuwa yangu. Leo nina duka la vipuri. Sikufika hapo kwa kusema "mitupu" mahali penye saba. Mtu anayehesabu nati na bolti za watu kutwa nzima atakosea vipi hesabu ya suruali yake mwenyewe?

2. Mliposikia saba, mkadhani ni jeshi. Papa René, hivyo si silaha, ni vyombo vya kazi, na kila kimoja kina kazi yake. Cha kwanza, chenye mpini wa mti na pete ya chuma ya kufungia, ni cha matunda. Cha pili, cha mpini wa pembe, ni cha nyama. Cha tatu, kile kinachosema kra-kra-kra kikifunguliwa, ni cha kamba. Cha nne ni cha bahasha za serikali. Cha tano ni cha samaki, cha sita ni cha kucha. Cha saba ni cha siku ambayo kimoja kati ya sita kitapotea. Mimi ni mtu wa vitendo, sibebi kitu kisichofanya kazi. Kisu kisichokata ni kijiko chenye kiburi.

3. Tuje kwenye vipimo. Katika orodha ya mahari niliyowatumia, namba tisa ni panga jipya. Mlikubali bila hata kukohoa, mkalileta siku ile ile, wazi, bila hata gazeti juu yake. Tonton Évariste alipotamka kwamba mikono yake ni mitupu, panga lilikuwa limelala chini ya kiatu chake. Nimelipima: sentimita sitini. Visu vyangu, kwa wastani, ni sentimita nane kila kimoja. Mara saba ni hamsini na sita. Donc mliogopa hamsini na sita zilizolala usingizi mfukoni, mkakaa kwa amani na sitini zilizo macho.

4. Miaka kumi na moja nabeba visu hivi. Saba mara kumi na moja ni sabini na saba. Watu waliojeruhiwa katika miaka sabini na saba ya kisu: sifuri. Nawaombeni mnionyeshe pikipiki moja mjini hapa yenye hesabu safi kama hiyo.

5. Mbuzi wenu alizungusha kamba yake kwenye mguu wa kiti cha tonton Évariste. Mlihangaika na fundo hilo dakika kumi na moja, watu wanne, mpaka mbuzi akaamua kutoka na kiti pamoja na mwenye kiti. Chumba kilikuwa na visu saba, na hakuna hata mmoja wenu aliyesema, "Papa Moïse, tusaidie." Hilo liliniuma kuliko lile la kuondoka.

6. Ndani ya pirogi, katikati ya mto, dada yako Florentine alisema kwa sauti ya sokoni: "Papa uyu iko na duka ku mufuko! Mutoto wetu ataoa ao atanunua?" Mpiga kasia alilibeba neno hilo ng'ambo zote mbili. Kabla jua halijashuka, mvuvi mmoja wa kule Wagenia, mtu nisiyemjua, alinipigia simu kuuliza bei.

7. Hapa ndipo akili yangu inagoma kabisa. Kama kitu chenye makali kinazuia posa, basi tukague vyote. Mlikuwa watu sita. Thelathini na mawili mara sita ni meno mia moja tisini na mawili. Natoa matano ambayo wewe mwenyewe, kwa heshima, uliyaacha njiani. Meno mia moja themanini na saba yaliingia nyumbani kwangu bila kutangazwa, na yakamaliza kuku watatu mbele ya macho yangu. Je, nilisimama? Je, niliwaambia myaache mlangoni?

Kwa hayo naomba, kwa unyenyekevu: visu saba viandikwe katika karatasi ya kikao kama wajumbe wa upande wa mke, viwekewe meza ndogo yenye kitambaa, Florentine aviombe msamaha, kimoja kimoja, na Noël aahidi kwamba kila mtoto atakayezaliwa atarithi kimoja. Nimefanya hesabu: wajukuu saba. Larissa alikuwa amepanga watatu. Wanne waliobaki tunaweza kuzungumza.

Sitaki uamini kwamba ninacheza. Tangu Jumapili Larissa ananiwekea sahani, anasema, "Papa, chakula," anaondoka. Maneno mawili. Zamani kila sahani ilikuja na maneno mia, nusu yake ya kunigombeza. Sanduku lake la Yangambi liko mlangoni mwa chumba chake, limefungwa, halijafunguliwa, na kila nikipita nalikwepa kama mtu anayenidai.

Alors, nangoja jibu lako kabla ya Jumamosi. Msalimie mama Noël, msalimie tonton Évariste na mgongo wake, wasalimie majirani wote mnaotumia pampu moja, na hata Florentine, salamu fupi.

Wako katika ukweli,
Moïse,
baba wa Larissa

Nyongeza, baada ya sahihi. Barua ilikuwa imekwisha kukunjwa. Mke wangu Adèle akaleta kwanga ya muhogo, bado ya moto ndani ya majani yake, akaniambia nikate kile kiuzi cha kufungia majani. Nikamwomba aniletee kisu cha jikoni. Akaniangalia. Larissa, ambaye tangu Jumapili haniangalii, naye akaniangalia. "Papa," akasema, "na vile saba?" Nikamweleza kwamba utomvu wa majani unatia weusi, kwamba chumvi inakula springi, kwamba pembe haipendi unyevu, na kwamba makali ya kiwandani yakishaguswa hayarudi tena. Akauliza: katika miaka kumi na moja vimekata nini? Nikahesabu. Nikarudia kuhesabu. Ndipo mtoto akacheka mpaka akakaa chini, na mama yake akamfuata, na kwanga ikapoa bila kufunguliwa.

Kwa hiyo, Papa René, namba moja mpaka saba uzisome kama gazeti la mwaka jana. Njooni Jumamosi saa nne asubuhi. Tonton Évariste aulize swali lake, na safari hii atajibiwa kama watu wote wanavyojibu. Nitakuja na mfuko mtupu.

Wa kushoto.