Lebo za Mafuta ya Kassian

Jumatatu, 14 Aprili 2025
Nimepata mteja! Kassian, Mtanzania mwenzangu, ana duka la mafuta ya bangi Johannesburg. Leseni anayo, kila kitu halali. Mafuta yapo kwake, lebo tu ndizo zichapwe hapa Guangzhou, China. Akiridhika, nina kazi mwaka mzima, tunabaki na baba Abigail mpaka amalize chuo. Asiporidhika, mimi na mtoto tunarudi Moshi. Maabara imepima: miligramu 444 kila chupa. Kasema dada, nambari hiyo usiiguse.

Jumanne, 15 Aprili
Laoban, bosi wa kiwanda cha kuchapa, kakunja uso. Nne tatu mfululizo! Kanivuta mpaka kwenye lifti yao: kutoka ghorofa ya tatu unaruka hadi ya tano. Nne kwao ni kifo. Eti weka 888, nambari ya bahati. Nikawaza: bahati, tena nguvu mara mbili, bei ileile! Abigail akacheka mgongoni. Nikasema chapa.

Alhamisi, 17 Aprili
Kassian kafika kwa maonyesho ya biashara ya Pazhou, hapa mjini. Hakunishukuru! Kauliza nani kapima 888. Nikasema laoban. Akakaa chini. Kasema ana mteja, bibi mwenye maumivu ya magoti, anahesabu matone kwa kufuata lebo. Kwa lebo yangu atameza nusu na maumivu yabaki palepale. Na mkaguzi atafunga duka. Bibi sikumfikiria kabisa. Roho imeniuma. Nimepewa mpaka Jumamosi. Kutoka nje nakutana na Gaudiosa, naye wakala wa lebo, anamtaka Kassian huyuhuyu. Kaniuliza mama Abi, siku hizi unauza lebo au bahati nasibu? Mdomo ule!

Jumamosi, 19 Aprili
Kiwanda kingine, bosi kijana, nne hazimtishi. Lebo elfu mbili, zote 444. Abigail kajibandika moja kwenye paji la uso, haitoki! Nimempeleka hivyohivyo. Kassian kakagua, cheti cha maabara mkononi. Alipofika kwa mtoto akacheka, kasema huyu naye apimwe.

Jumapili, 20 Aprili
Kazi nimepata! Mwaka mzima! Gaudiosa kanuna. Kassian kanitumia mchoro wa lebo mpya, tarehe ya mwisho wa matumizi: miezi kumi na miwili tu. Maskini! Nani atanunua kitu chenye umri mfupi hivyo? Nimeona uchungu, mimi ni mama. Nimemwambia mchapaji aweke miaka mitano.