Nani Ameliliza Gari la Mjomba?

Jumatatu, 3 Juni

Gari limeanza kulia. Si ule mlio wake wa kizee wa kila siku, ule naujua. Huu ni mgeni. Chwiii, halafu pa-pa-pa, halafu kimya, kama watu wanaokusengenya wakikuona unaingia. Umeanza asubuhi nikipeleka mikate ya mke wangu Afriyie sokoni Kejetia. Na jana alikuja nani kutusalimu? Duodu!

Niandike wazi. Gari ni la marehemu Mjomba Ntiamoah. Tangu tumzike liko mikononi mwangu, ila si langu bado. Kwetu mali ya mjomba huenda kwa wapwa, na wapwa wa kiume tuko wawili: mimi, na Duodu, mtoto wa mama mdogo Pokuaa. Jumamosi tunakwenda Mampong kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja. Mzee Boadi, mkuu wa ukoo, atapanda gari hilo nikiendesha mimi, aone nimelitunzaje, kisha aamue ni la nani. Likienda kwa Duodu, mke wangu atarudi kubeba mikate kichwani. Shingo yake bado inakumbuka.

Jana Duodu alipapasa boneti kama mnunuzi wa mbuzi. Akasema gari limependeza kaka, Mungu akubariki. Mtu anakubariki hivi hivi tu? Afriyie anasema nilipeleke kwa fundi. Nikamwambia hicho ndicho wanachotaka. Akauliza kina nani. Mwanamke huyu haoni mbali.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda Suame, kwenye mafundi. Lakini nimekwenda na akili! Kila mtu Kumasi ana binamu ambaye gari lake liliingia huko na viungo vyake likatoka na vya gari jingine. Kwa hiyo kabla ya kuondoka nilichukua rangi ya kucha ya Afriyie, nyekundu, nikatia alama kila kitu nilichoweza kukifikia. Rejeta, plagi, betri, mkanda wa feni, mabomba yote. Wakibadilisha hata nati moja, nitajua.

Fundi Tawiah alifungua boneti, akatazama, akaita wenzake. Akaniuliza, "Bosi, bibi harusi huyu anaolewa lini?" Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Sikumwambia shida ni nini. Nilisema gari ni zima, nimepita kusalimia tu. Nilitaka kumpima.

Hakungoja hata nizime injini. Akasema mkanda wa feni umechakaa, unachanika pembeni, nikimpa muda wa kunywa maji tu ataubadilisha. Haraka namna hiyo? Mtu anayejua upesi hivyo ameshaambiwa. Na nani? Nikafunga boneti, nikaondoka. Wakaniimbia wimbo wa harusi hadi barabarani.

Jumatano, 5 Juni

Mafundi wengine wawili leo. Mmoja anasema pampu ya maji. Mwingine anasema valvu, lazima injini ifumuliwe yote. Pamoja na Tawiah, watu watatu na majibu matatu. Wangekubaliana, ningejua wamepanga. Hawakubaliani, maana yake wamepanga kutokubaliana.

Kwenye njia ya kurudi, balaa. Mzee Boadi amesimama kando ya barabara, anapunga fimbo. Singeweza kumpita. Alipoingia nilifungua redio, nyimbo za kanisani, sauti mpaka mwisho. Chwiii ikaja. Nikaimba. Pa-pa-pa ikaja. Nikapiga makofi huku nikiendesha. Mzee akanitazama sana. Aliposhuka akaniambia, "Mwanangu, wokovu huu umeupata lini?" Nikasema hivi karibuni. Akasema amefurahi, ila sauti yangu imepata kutu, ninywe tangawizi.

Jumamosi haitawezekana kuimba mpaka Mampong. Naogopa, sitaficha. Nimemtazama Afriyie akikanda unga huku akiimba chinichini, hajui lolote, nikakosa hamu ya kula.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata! Jambo lenyewe dogo hata naona haya kuchelewa kulifikiria.

Nitamwazima Duodu gari. Kwa upendo. Alitumie leo na kesho. Likilia, linalia mikononi mwake. Likifa, limekufa kwake, na mimi nitamlilia Mzee Boadi machozi ya kweli: tazama, nilimwamini ndugu yangu!

Nilimpelekea mwenyewe hadi kwenye cherehani yake, Duodu ni fundi wa nguo. Nikasema kaka, ndugu hawanyimani. Akasimama, akanikumbatia. Machozi yakamlengalenga. Akasema tangu mjomba afe hajawahi kutendewa wema kama huo. Nikajisikia vibaya. Baadaye nikakumbuka kwamba mtu akitaka kukuhadaa huanza hivyo hivyo.

Afriyie amepeleka mikate kwa miguu. Nimemwambia ni kwa siku mbili tu. Akaishika shingo yake.

Ijumaa, 7 Juni

Gari limerudi. Limeoshwa. Halilii.

Nimeliwasha, nimelizima, nimeliwasha tena. Kimya! Duodu anachekelea, anasema kaka, nilisikia mlio kidogo nikaona nisikurudishie hivyo, nimepita kwa Tawiah. Tawiah! Wanajuana!

Alipoondoka nilifungua boneti nikakagua alama zangu moja moja. Rejeta, ipo. Plagi, zipo. Mkanda wa feni: hauna alama! Mweusi, mpya, unang'aa. Ule wangu nimeukuta kwenye buti umefungwa kwenye gazeti. Najua, najua, fundi mwaminifu wa Suame hukurudishia kifaa cha zamani ili uone kwa macho yako kwamba amekibadilisha. Ndiyo maana mtu mjanja angefanya hivyo hivyo.

Nimewaza sana. Gari lililokuwa linalia, siku moja kabla ya safari linanyamaza, kwa hisani ya mtu anayelitaka. Kuna mtego ndani ya mkanda huo. Nikachukua spana, nikautoa, nikaukatakata kwa kisu cha mikate nikautupa jalalani. Nikarudisha wa zamani, wenye nyekundu yangu. Chwiii, pa-pa-pa. Angalau huu naujua. Nimetulia sasa.

Jumamosi, 8 Juni

Tuliondoka vizuri. Mzee Boadi mbele, kitambaa chake cheusi cha kujitanda msibani kimepigwa pasi mpaka kinakata. Nyuma yetu Duodu kwenye gari la kukodi na akina mama wote. Niliimba tangu tulipotoka mjini. Mzee alikuwa ameniletea tangawizi.

Kwenye mlima wa Mampong, katikati ya ubeti, PA! Kisha kimya. Kisha moshi. Mzee akatoka mbio ambazo sikujua anazo, akasimama kwenye majani, vumbi jekundu mpaka magotini.

Duodu akaja, akachungulia. Akaokota mkanda uliokatika. Rangi ya kucha hiyo, kila mtu anaiona. Akaniuliza taratibu, "Kaka, ule mpya uko wapi?" Nikasema swali zuri sana. Nikasema hata mimi nilitaka kumuuliza yeye.

Mama mdogo Pokuaa hakungoja. Aliingia nyuma ya kichaka akatoka na soksi zake ndefu mkononi, akamwambia mwanawe afunge haraka, marehemu anangoja. Duodu akazisokota, akafunga pale pa mkanda, akaongeza maji. Tukapanda mlima kwa soksi za mama mdogo. Gari halikulia hata kidogo. Mzee Boadi alipanda na akina mama.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada, mbele ya ukoo wote, Mzee akampa Duodu funguo. Alisema maneno machache, ya kwangu yakiwa machache zaidi: niache tangawizi, haijanisaidia. Afriyie alikuwa ameinamisha kichwa. Iliniuma, niseme ukweli, iliniuma kifuani.

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi Duodu amekuja na gari mlangoni. Mkanda mpya mwingine. Akanyoosha funguo. Akasema kaka, nguo nashona nikiwa nimekaa, gari la nini? Likae kwako, shemeji apeleke mikate yake. Nikilihitaji nitaomba.

Nilimtazama machoni. Hakupepesa. Mtu amepewa gari na ukoo mzima, usiku mmoja tu, analirudisha? Nikauliza anataka nini. Akasema hataki kitu. Hapo ndipo nilipojua! Nikarudisha mikono nyuma, nikasema asante, sichukui.

Afriyie akaniita, "Baba Serwaa!" Mara moja tu. Kisha akapita mbele yangu, akapakia mikate yote, akakaa kiti cha mbele. Duodu akashika usukani. Mimi nikawatangulia kwenda kazini kwa miguu.

Mvua ikaanza pale kwenye mzunguko. Wakanifikia. Mlango ukafunguliwa, nafasi ipo, mkate unanukia, wote wawili wananisihi niingie. Nikakaza mwendo. Nimefika nimelowa chapachapa, kiatu kimoja kimebaki kwenye matope, lakini kichwa juu. Ningeingia tu, watu hao wangenipata.